Vita vya Beda bin Filipo na Spika Mbili za Mgiriki

Sogeeni, enyi watu wa Kilosa na viunga vyake, kuanzia Dumila penye njia panda hadi milima ya Vidunda penye umande. Wekeni chini majembe, epueni vyungu motoni, waamsheni wanaosinzia na wapeni maji wanaokohoa, maana leo hatusimulii habari za masultani waliobomoa ngome wala za majemadari waliovuka mito ikiwa imefurika. Hao wana wasimulizi wao, na wamekwisha kushiba sifa. Sisi tunamsimulia Beda bin Filipo, mtunza stoo wa shamba la mkonge, mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno machache kinywani, jinsi alivyozisimamisha spika mbili katika sebule ya nyumba yake, nazo zikasimama.

Anayeona jambo hili ni dogo hajapata kuzibeba spika zile.

Zilikuwa makasha mawili ya mti mweusi unaong'aa, yanayomfikia mtu mzima kiunoni, mazito kama magunia ya chumvi iliyolowa. Kabla ya hapo ziliishi kilimani, katika nyumba ya Mgiriki aliyekuwa meneja wa shamba, na watu wa chini hawakuzijua. Beda alizijua kwa bahati. Siku moja alitumwa kupeleka misumari nyumbani kwa bwana yule, na alipofika barazani alimsikia mwanamke akiimba sebuleni, karibu mno, hata akavua kofia ili amwamkie. Akachungulia. Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na kasha moja huku na kasha jingine kule, na baina yao ukuta mtupu, na sauti ilikuwa inatoka kwenye ule ukuta mtupu. Beda alisimama pale na misumari yake mpaka wimbo ukaisha, kisha akavaa kofia, akashuka kilima bila kumweleza mtu.

Mgiriki alimwona, akaliweka jambo lile moyoni. Basi lilipotangazwa Azimio, na mashamba makubwa yakawa mali ya umma, bwana yule akafunga mizigo yake kurudi kwao. Kreti zake zilichukua vitanda, sahani na picha za wazee wake. Spika hazikupata nafasi. Akamwita Beda, akamkabidhi zote mbili, pamoja na redio yake ya taa, ile yenye vioo vinavyowaka ndani, na amplifaya, yaani mtambo wa kuipa sauti nguvu, na akamhutubia kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Beda, ile sauti haikai katika sanduku. Inakaa katikati. Na wewe uko na mahali pamoja tu pa kukaa, ndiyo utaiona. Mahali hapo mimi hapana weza kukupa. Tafuta mwenyewe."

Beda angeweza kuishi maisha yake yote bila kupatafuta mahali hapo, kama si Ida.

Ida alikuwa binti yake wa kwanza. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alipanda gari moshi kwenda shule ya wasichana ya bweni, mbali kupita Dodoma, na tangu gari lile lipige honi Beda hakuisikia sauti yake tena. Barua zilikuja, zenye mwandiko mzuri na salamu kwa kila mtu, lakini barua haina koo. Kisha zikaja habari kwamba kwaya ya shule imerekodiwa, na kwamba itasikika redioni siku ya Saba Saba, ambayo mwaka ule iliangukia Jumapili, mchana baada ya hotuba. Na katika wimbo wa pili Ida ataimba ubeti mmoja peke yake. Ubeti mmoja, mara moja, basi. Redio ndogo za majirani Beda alizijua: mtu akiimba humo anasikika kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Akala kiapo, kimoyomoyo kama ilivyokuwa desturi yake, kwamba hatamsikiliza mtoto wake akiwa nyuki. Atamsikia amesimama sebuleni kama mtu.

Ndipo vita vikaanza.

Adui wa kwanza hakutoka nje. Alikuwamo nyumbani, tena alikuwa amefunga naye ndoa. Gaudiosa mkewe, malkia wa sebule, mwenye sindano ya kufumia isiyopumzika, alikuwa na sheria isiyovunjwa: katika nyumba yake hakuna kitu kinachokaa uchi. Viti vilivaa vitambaa, stuli zilivaa, saa ilivaa, hata mtungi wa maji ulikuwa na kofia. Spika zilipoingia alizitazama mara moja tu, akazionea huruma, akakaa akazifumia vitambaa viwili vyeupe vyenye pindo la shanga, akavitia wanga wa muhogo mpaka vikaweza kusimama vyenyewe, akayafunika makasha yale kuanzia kichwani hadi magotini.

Beda akawasha. Msoma habari akasikika kama mtu mwenye homa anayezungumza ndani ya blanketi, na kila ilipopigwa ngoma ya taarifa, shanga ziligongana kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi.

Beda alikuwa mtu wa utaratibu. Alizishuku kwanza taa za redio, akazichomoa, akazifuta, akazirudisha. Halafu akazishuku nyaya. Halafu akaushuku mtambo wa kurushia matangazo huko Dar es Salaam, na mawingu yaliyoko njiani. Vitambaa hakuvishuku, kwa kuwa katika nyumba ile kushuku kitambaa kulikuwa sawa na kushuku ukuta. Mpaka siku Gaudiosa alipovichukua kwenda kuvifua, na msoma habari papo hapo akatoka ndani ya blanketi, amepona. Kuijua sababu hakukumfurahisha Beda, maana sasa ilimbidi azungumze na mkewe.

Alijieleza kwa upole, akizunguka zunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Gaudiosa alimsikiliza hadi mwisho, akaweka sindano chini.

"Baba Ida, tangu niingie nyumba hii hakuna kilichokaa uchi mbele ya wageni. Leo makasha ya Mgiriki yatuonyeshe vifua? Mgeni akiingia atauliza, mwanamke wa humu alikufa lini?"

"Mama Ida, sikusema yakae uchi. Nasema yavae kofia, yasivae shela."

Gaudiosa akafikiri. "Na shanga?"

"Shanga zitazame ukutani."

Hivyo ndivyo ulivyofungwa mkataba wa sebule. Vitambaa vitakaa juu ya makasha, vikianguka kwa nyuma tu. Na Gaudiosa, kwa hisani yake, akaongeza sharti moja: kabati lisiguswe. Hilo lilikuwa kabati lake la vyombo, zawadi ya mama yake mzazi, lililoshushwa kutoka milima ya Vidunda juu ya vichwa vya wanaume, likawekwa pale siku ya arusi yake. Tangu siku hiyo halikusogezwa hata kwa kufagia. Mende waliozaliwa nyuma yake walikuwa na wajukuu. Beda akakubali haraka, kwani hakuwa na haja na kabati.

Adui wa pili alikuwa pembe za nyumba. Beda aliziweka spika pembeni kabisa, moja kona hii na moja kona ile, ili wageni wasizipige teke. Na kila aliyesema redioni akawa na sauti ya kutoka pangoni, nzito, ya kutikisa vikombe. Hapo ndipo alipoingia Kondo.

Kondo alikuwa mwangalizi wa jenereta ya shamba, yaani mtu ambaye kwa mkono wake nuru ilikuja na kwa mkono wake ilikwenda. Zaidi ya hayo alikuwa mtani wa Beda, kwa kuwa babu zao walikuwa watani, na kwa haki hiyo aliweza kumtukana popote, hata msibani, tena hasa msibani. Akasimama mlangoni, akasikiliza taarifa ya bei ya pamba.

"Beda, anayesema humo ni mtu au kiboko wa mto Mkondoa?"

"Ni mtu."

"Mimi naona ni kiboko. Na kama ni kiboko, ana kadi ya chama?"

Beda akainuka. Akaivuta spika moja upana wa kiganja kutoka ukutani, akaivuta na ya pili vivyo hivyo, akaenda kukaa, akasikiliza, akarudi, akavuta tena. Kondo akaketi sakafuni kushuhudia. Kadiri makasha yalivyotoka pembeni ndivyo kiboko alivyokonda: akawa fahali, fahali akawa mzee mnene, mzee mnene akawa mtu wa kawaida anayesoma bei ya pamba. Lakini sakafu ilikuwa ya saruji na paa lilikuwa la bati, na kila neno lililopona kona lilipiga bati likarudi kuuliza limesahau nini. Ndipo Beda akalibeba godoro lao la sufi kutoka chumbani, akalisimamisha kwenye ukuta wa ubavuni, akatandika na mkeka mbele ya makasha, na maneno yakatulia. Gaudiosa akauliza watalala wapi. Beda akasema ni mpaka Saba Saba tu. Kwa hiyo mume na mke wale walilala juu ya kitanda cha kamba kama waliofiwa, na godoro likakaa sebuleni kama mgeni wa heshima.

Hata hivyo ushindi haukuwa umekuja. Sauti ilikuwa safi, lakini haikuwa na kwao. Ilijaa chumbani kama harufu ya samaki kwa jirani: unajua wanakaangwa, huoni sufuria. Beda aliutazama ule ukuta mtupu baina ya makasha, akitegemea mtu atatokea, na ukuta ukabaki mtupu kweli. Kondo alikaa kitini ajaribu, akainuka akisema masikio yake yanavutwa na punda wawili wa mabwana tofauti.

Tusi hilo ndilo lililoleta nuru, ingawa si ile ya jenereta. Beda akakumbuka toroli la mkonge relini: watu wawili wakilisukuma, mmoja kwa nyuma na mwingine kwa mbele, toroli hutetemeka lisiende. Akaenda nyuma ya makasha, akapiga magoti, akafuata nyaya kwa vidole. Kwenye kasha moja waya mwekundu ulikuwa mahali pa mwekundu. Kwenye la pili ulikuwa mahali pa mweusi, na mweusi mahali pa mwekundu. Mkono ulioufunga vile ulikuwa wa kwake mwenyewe. Akaubadilisha, akawasha.

Msoma habari akasimama ukutani. Alisimama katikati, kidogo chini ya msumari wa kalenda, usawa wa mtu mwenye kimo cha wastani, akatangaza mvua za Mbeya. Kondo alivua kofia. Akaenda akapapasa ukuta, akatoka nje kuangalia upande wa pili, akarudi.

Sasa ikabaki kiti. Beda alikisogeza mbele, nyuma, kushoto, kulia, maana ukikaa kando kidogo tu, yule mtu wa ukutani alikimbilia kasha lililo karibu akajificha humo. Mwishowe akapata mahali ambapo mtu alitulia, akachora chaki kuzunguka miguu ya kiti, na kwa mara ya kwanza katika habari hizi akaitoa furaha yake nje. Akawaambia Gaudiosa na Kondo, kwa sauti ya jemadari anayesoma mipaka ya nchi aliyoitwaa: "Katika nyumba hii mahali pazuri ni pamoja tu, na mahali penyewe ni hapa."

Ingekuwa heri angelisema neno hilo akiwa peke yake.

Kwa sababu Jumamosi, kesho yake ikiwa Saba Saba, alifika Bibi Odilia, mama mzazi wa Gaudiosa. Alikuwa ameshuka Vidunda kwa miguu, akapanda lori hadi Mikumi, na Mikumi akapanda gari moshi, lililosimama porini kwa sababu ya tembo waliokaa relini. Na tembo wale, kwa maelezo yake mwenyewe, waliondoka baada ya yeye kuwaambia kupitia dirishani kwamba ana mjukuu wa kumsikiliza. Alileta debe la maharage na mkungu wa ndizi. Beda alipoiona kanga yake kwenye njia, alifanya kile anachofanya mkwe aliyelelewa: akatoka kwa mlango wa jikoni.

Desturi ya wazee wao ilikuwa hivyo, na Beda hakuwa mtu wa kuibishia. Mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Beda alisimama nyuma ya mgomba, akainamisha macho, akasema shikamoo, mama. Bibi Odilia akaujibu mgomba marahaba. Kisha akaingia sebuleni, na Gaudiosa akamkalisha katika kile kiti, ndani ya zile chaki.

Jioni hiyo, jikoni, Beda alijitetea kwa maneno mengi kuliko aliyoyatumia mwaka mzima. Alieleza habari ya toroli. Alieleza habari ya kiganja. Alisema mama anaweza kukaa mahali popote akasikia, lakini yeye asipokaa pale, basi godoro limesimama bure. Gaudiosa alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Wewe mwenyewe ulisema, Kondo ni shahidi, mahali pazuri humu ndani ni pamoja tu. Mama yangu ametoka Vidunda. Nimkalishe mahali pabaya?"

Hapo ngome ilianguka, na aliyeibomoa alikuwa mwenye ngome. Hata kama kiti kingekuwa kitupu asingeweza kuingia. Akiwamo mama mkwe, sebule nzima ilikuwa ya mama mkwe. Mahali pake palikuwa jikoni, kwenye kinu, na pale jikoni Ida atakuwa nyuki. Beda aliwaza jambo hilo, akaona hasira haitasogeza kitu, akatoka kuizunguka nyumba.

Alizunguka polepole, akitazama kuta kwa nje kama mtu anayetaka kuinunua. Na katika kuzunguka huko alikumbuka kitu alichokiona siku za kusogeza kiti: ukirudi nyuma moja kwa moja, usiyumbe kulia wala kushoto, yule mtu wa ukutani hatoki mahali pake. Anakuwa mbali kidogo tu. Kumbe mahali pazuri hapakuwa nukta, palikuwa njia. Njia hiyo ilianzia katikati ya makasha, ikapita kwenye kiti, ikaenda kugonga ukuta wa nyuma. Na kando ya pale ilipogonga, urefu wa mkono mmoja tu, palikuwa na dirisha la uani. Vikihamishwa vyote, makasha na kiti, kwa urefu huo wa mkono, njia itatokea dirishani. Mtu aliyesimama uani atakuwa nyuma ya kisogo cha mama mkwe. Hatamwona uso, wala yeye hataonekana. Hakuna desturi itakayovunjika.

Kilichosimama mahali ambapo kasha la kulia lingepaswa kuhamia kilikuwa kabati.

Asubuhi ya Saba Saba wanawake walikwenda Misa. Beda alisema atabaki kuilinda nyumba, jambo ambalo nyumba haikuwa imeliomba, na mara walipopotea njiani akamwita Kondo. Kondo akasikiliza mpango wote, akaliangalia kabati, akaangalia mlango.

"Mtani, nimekuzika kwa maneno mara nyingi. Leo naona nitakuzika kwa jembe. Mkeo alisema lisiguswe."

"Alisema."

"Na bado unaligusa."

"Kondo, mtoto ataimba ubeti mmoja. Nikimsikia vibaya leo, sitamsikia vizuri kesho. Shika upande huo."

Kondo aliutazama uso wa mtani wake. Akatema mate viganjani.

Basi wakatoa vyombo kimoja kimoja, vikombe vya arusi na sahani za maua, wakavipanga mkekani kwa mpangilio uleule ili kila kimoja kikirudi kikute alama yake ya vumbi. Wakaweka mabega. Kabati likakataa. Wakaweka mabega tena, wakavuta pumzi kama mabaharia wanaong'oa nanga, na kabati likatoa mlio mrefu wa kizee, mlio wa kitu kilichoamshwa bila kuulizwa, na mende wa vizazi vyote wakatoka kuuliza kulikoni. Likaenda upana wa kidole. Likaenda upana wa kiganja. Mguu mmoja ukanasa kwenye ufa wa saruji, kabati likainama, na bakuli la sukari lililosahauliwa rafu ya juu likaanza kuteremka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Mikono yote ilikuwa kazini. Kondo akalipokea kwa tumbo. Nalo lilikuwa tumbo la kutosha, bakuli likatulia juu yake salama, na kabati likaingia mahali papya.

Vyombo vikarudi rafuni, makasha yakahama. Kiti kikahama, chaki ya zamani ikafutwa, mpya ikachorwa. Kondo akakimbia kuiwasha jenereta, ambayo kwa kawaida ilipumzika Jumapili asubuhi, na Beda akaenda uani. Dirisha lilikuwa juu. Akachukua debe tupu, akalipindua, akapanda. Ndani, ukutani, katikati, alikuwa amesimama padri anayehubiri, hakujificha katika kasha hata moja.

Waliporudi, Gaudiosa alisimama kizingitini. Hakuna aliyemwambia kitu, na hapakuwa na haja. Aliangalia kabati. Aliangalia chini, pale lilipokuwa, ambapo saruji ilikuwa na alama ya mraba, nyeupe, haijapata kukanyagwa. Aliangalia dirisha, akaona kofia ya mumewe ikisubiri nje kwa adabu. Kisha akavuta mkeka kwa mguu, akaifunika ile alama ya mraba, akamwambia mama yake karibu, kaa, wanakaribia kuanza.

Hotuba ikaisha. Mtangazaji akataja jina la shule. Wasichana wakaingia ukutani wakiwa wengi, wamejipanga bega kwa bega kuanzia msumari wa kalenda hadi karibu na kabati, wakaimba wimbo wa kwanza, na Bibi Odilia akashika mikono ya kiti kwa nguvu. Beda juu ya debe hakusogea. Ukaja wimbo wa pili. Kwaya ikaimba, ikapungua, ikanyamaza.

Na kabla ya neno la kwanza la ule ubeti, katikati ya ukuta, mtu akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi fupi, inayokwama kidogo puani. Redio ya kopo isingeipata kabisa. Lakini Beda alikuwa ameisikia mara elfu: ndivyo Ida alivyovuta pumzi tangu utotoni kila alipotaka kuomba kitu ambacho hakuwa na hakika ya kupewa. Hakuwa ameanza kuimba bado, na tayari alikuwa amefika nyumbani. Beda alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Ndani, Bibi Odilia akasema taratibu, "Huyo."

Ida akaimba ubeti wake mpaka mwisho. Hakukosea.

Wengine walipopokea wimbo, na wimbo ulipoisha, na mtangazaji alipokwenda kwa kwaya nyingine, Bibi Odilia hakugeuka nyuma. Aliinama kuelekea kasha la kulia, akaliambia kama mtu anayemtuma mjumbe:

"Wewe kasha, mwambie mkwe wangu nimemwona mjukuu wangu. Mwambie amefanya kazi. Na mwambie kuna mtu nimemsikia akilia dirishani. Kama anamfahamu, amfute uso, watu wanapita njiani."

Beda akakohoa.

"Kasha," alisema kutoka uani, kwa heshima zote, "mwambie mama hakuna aliyelia. Ni vumbi la kabati."

Kisha Gaudiosa naye akaligeukia kasha.

"Kasha, mwambie baba Ida hilo vumbi tutalizungumza wageni wakiondoka."

Ndivyo ilivyokuwa, enyi mliosikiliza. Siku ile, kila wilaya ilikuwa na bendera zake na gwaride lake, na hapa Kilosa kabati lilisogea urefu wa mkono mmoja. Halikurudishwa. Gaudiosa alilizungumza vumbi lile, na alilizungumza kwa kirefu, lakini mwishoni mwa mazungumzo alichukua sindano akalifumia kabati kitambaa kipya, kirefu zaidi, cha kulifaa mahali lilipo. Nasi wenye kutunza kumbukumbu tunaomba tendo hili liwekwe panapostahili. Mwishoni mwa mwaka ule mke wa Kondo alijifungua mtoto wa kike, na miaka baadaye mtoto huyo alipopelekwa hospitali ya Berega kwa homa, muuguzi akauliza alizaliwa mwaka gani. Wapo waliozaliwa mwaka wa nzige, wapo wa mwaka wa mafuriko ya Mkondoa, na muuguzi yule alikwisha kuzoea kuhesabu kwa njia hizo. Kondo akasimama wima, akavua kofia, akamjibu kwamba huyu ni wa mwaka lilipohama kabati.